MNUNUZI WA NYUMBA NAYE AWE NA MTU WAKE

Katika manunuzi yote ayafanyayo mtu wa kawaida maishani mwake, hakuna yaliyo mazito kama ya kununua nyumba ya kukaa yeye na wanawe. Mchele ukiwa na mawe, mtu huuchagua au huurudisha dukani. Kitambaa kikichuja rangi, hasara yake huisha kwa msimu mmoja. Lakini nyumba iliyonunuliwa vibaya ni hasara isiyokwisha kwa mwaka wala kwa miaka kumi. Mara nyingi watoto huirithi pamoja na kesi yake mahakamani.

Fedha ziingiazo katika ununuzi huo si fedha za mchezo. Ni kiinua mgongo cha mtu aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini. Ni mkopo wa chama cha akiba utakaokatwa mshaharani mpaka mtu anastaafu. Ni jasho la kijana aliye katika nchi za Ghuba, ambaye pengine hajapata hata siku moja kukikanyaga kiwanja anachokilipia. Kwa hiyo yafaa tuulize bila ya kuoneana haya: siku ya kupatana bei, kila aliyeketi pale ni mtu wa nani?

Muuzaji yupo, naye anajua kwa nini anauza. Wakala wake yupo, naye ameahidiwa fungu lake katika bei. Benki, ikiwa imo, inaulinda mkopo wake. Wakili aliyeandika mkataba aghalabu ameajiriwa na muuzaji. Aliyebaki ni mnunuzi, ambaye ndiye atoaye fedha zote zitakazogawanywa pale, na ndiye pekee asiye na mtu wake. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali hiyo si ya haki, na ni kwa njia gani mnunuzi wa nyumba aweza kupata wakala amtumikiaye yeye tu, asiyepokea hata senti moja kutoka kwa muuzaji.

DALALI NI WA NANI?

Hatuandiki haya ili kuwatukana madalali. Udalali ni kazi ya kale katika mwambao wetu, na mji wa biashara hauendi bila ya mtu wa kati ajuaye nani ana nini na nani anataka nini. Wako madalali waaminifu ambao neno lao lashinda hati za wengine. Lakini uaminifu wa mtu ni jambo moja, na upande anaousimamia ni jambo jingine. Wahenga waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hawakumtukana mwamba ngoma; walieleza tu desturi ya mikono yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba inauzwa kwa shilingi milioni 10, na wakala ameahidiwa na muuzaji asilimia 3. Bei hiyo ikishikwa, atapata shilingi 300,000. Mnunuzi akifaulu kupunguziwa shilingi 500,000, wakala atapoteza shilingi 15,000 tu, na pengine hatajali. Lakini mnunuzi akiambiwa kwamba ukuta wa nyuma umepasuka tangu msingini, au kwamba yuko ndugu wa muuzaji asiyekubali nyumba ya baba yao iuzwe, kisha akaondoka zake, wakala atapoteza shilingi 300,000 zote. Basi mpango wenyewe haumvuti sana kudanganya juu ya bei. Unamvuta kunyamaza juu ya kasoro, na kunyamaza huko ndiko kulikowamaliza wanunuzi wengi.

Liko pia jambo la siri. Mnunuzi akishazunguka na dalali siku tatu juani, wakanywa chai pamoja na kuitana ndugu, humfungulia moyo wake: "Ndugu yangu, nilicho nacho ni milioni nane, lakini nikibanwa naweza kufika tisa." Kwa kanuni ya uwakala, habari hiyo ni ya yule aliyemwajiri dalali. Wakala ana wajibu wa kumfikishia mwajiri wake kila neno limfaalo. Dalali akienda kumwambia muuzaji asishuke chini ya tisa, hakuvunja ahadi yoyote. Ametimiza kazi anayolipiwa. Kosa liko kwa mnunuzi, aliyedhani kwamba ucheshi wa mtu ni mkataba.

Nchini Kenya iko Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, nayo humtaka kila afanyaye kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi iliyowekwa na sheria hiyo. Ni sheria njema, na mnunuzi asione haya kuomba kuonyeshwa cheti. Hata hivyo, cheti humweleza mnunuzi kwamba huyu ni wakala. Hakimwelezi kwamba ni wakala wa nani.

YALIYOWAKUTA WAMAREKANI

Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako nyumba huuzwa kwa utaratibu mkubwa sana, desturi ya miaka mingi ilikuwa kwamba muuzaji huahidi ujira wa asilimia 5 au 6 ya bei, na ujira huo hugawanywa baina ya wakala wake na yule wakala mwingine amleteaye mnunuzi. Kwa macho ya sheria, mara nyingi huyo wa pili naye alihesabiwa kuwa ni msaidizi wa muuzaji, ingawa ndiye aliyemchukua mnunuzi katika gari lake na kumzungusha mji mzima. Mwaka 1983, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanunuzi wengi waliamini kuwa wakala huyo alikuwa wao, na hali hakuwa wao.

Baada ya hapo majimbo mengi yalitunga sheria za kumtaka wakala amweleze mteja mapema ni upande gani anaousimamia. Baadhi ya majimbo, kama Florida na Colorado, hayaruhusu wakala mmoja kuziwakilisha pande zote mbili katika uuzaji mmoja. Katika miaka ya 1990 likakua kundi la mawakala walioamua kwenda mbali zaidi. Hao huwatumikia wanunuzi peke yao. Ofisi zao hazipokei nyumba ya mtu yeyote kuiuza, ili pasitokee hata siku moja ambapo chini ya paa moja wakala huyu anasukuma nyumba na mwenzake anamshauri mnunuzi wa nyumba hiyohiyo.

Suala la ujira lilifika mahakamani. Mwezi wa Oktoba 2023, baraza la wazee wa mahakama katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, liliamua kwamba chama kikuu cha mawakala wa nyumba na makampuni kadhaa makubwa walikuwa wamekula njama ya kuuweka juu ujira huo, na fidia iliyotajwa ilikaribia dola bilioni 1.8. Mwezi wa Machi 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 ili kuimaliza kesi hiyo na nyingine za namna yake. Tangu Agosti 17, 2024, wakala amshughulikiaye mnunuzi chini ya utaratibu wa chama hicho hana budi kutia sahihi naye mkataba wa maandishi, uonyeshao wazi ujira wake, kabla ya kumpeleka kuitazama nyumba. Imewachukua Wamarekani miaka arobaini tangu ripoti ile mpaka kufika hapo, nao ni watu wenye daftari za ardhi zilizonyooka kuliko zetu.

FUNZO LA NYALI

Huku kwetu hatari ya mnunuzi ni kubwa zaidi, kwa kuwa kinachobishaniwa si bei tu, bali ni ardhi yenyewe. Mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kiko Nyali, kandokando ya bahari. Kiligawiwa mwaka 1989 kwa aliyekuwa Rais, Daniel arap Moi, kikauzwa kwa kampuni moja, kisha kikafika kwa Dina. Mwaka 2017 kaunti iliingia ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwendea pwani.

Kampuni ilidai kwamba ilinunua kwa nia njema na kwamba ina hati. Mahakama iliamua kwamba ardhi ile ilikuwa ya matumizi ya umma na kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria; kwa hiyo hapakuwa na haki ya kumilikiwa wala ya kuuziwa mtu baadaye. Hati peke yake haitoshi. Mnunuzi hana budi kuifuata tangu mzizi wake. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, Mahakama hiyo ilisema tena kwamba barua ya kugawiwa kiwanja si hati ya kumiliki, na kwamba mwenye barua tupu ambaye hajatimiza masharti yake hana kitu cha kumuuzia mwingine.

Msomaji aipime hukumu hiyo kwa utulivu. Zamani mnunuzi aliweza kujifariji kwamba amekwenda katika afisi ya ardhi, amelipia upekuzi, na jina la muuzaji limo daftarini. Leo faraja hiyo haimfikishi mbali. Anatakiwa aulize ardhi ilitoka kwa nani, kwa utaratibu gani, na kama palipangwa kuwa njia, uwanja wa shule au mahali pa wazi. Je, ni dalali wa muuzaji atakayeifanya kazi hiyo? Mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko karibu na Nairobi, watu waliokuwa wamejenga majumba katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland waliyaona yakibomolewa na matingatinga. Wengi wao walikuwa wanunuzi waliolipa fedha taslimu na kupewa makaratasi.

KAZI YA WAKALA WA MNUNUZI

Wakala wa mnunuzi, basi, ni mtu aliyeajiriwa kwa mkataba na mnunuzi, ili amtafutie nyumba, aichunguze, ampatanie bei na amweleze ukweli wake wote. Hapa Pwani kazi hiyo ina mambo yake ambayo mgeni hawezi kuyajua.

La kwanza ni kujua kinachouzwa ni kitu gani. Katika mitaa kama Majengo, Kisauni na Likoni ziko nyumba nyingi ambazo mwenye kuta si mwenye ardhi. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Mambo hayo yana historia ndefu, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao, ina sehemu kubwa ndani yake. Mtu atokaye mbali huonyeshwa nyumba nzuri, yenye baraza na paa la mabati mapya, akalipa, kisha mwisho wa mwezi akabishiwa hodi na mtoza kodi ya kiwanja. Hakudanganywa kwa neno. Hakuuliza, wala hakuwa na mtu wa kumuulizia.

La pili ni kuwajua wote wenye haki. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ya ridhaa ya mke au mume, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Nyumba ya marehemu ina warithi, na mmoja wao kushika ufunguo hakumpi uwezo wa kuuza. Ziulizwe karatasi za mahakama, iwe ya Kadhi au nyingine, na waonwe warithi wenyewe. Shamba la kilimo katika Kwale au Kilifi lataka idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na idhini isipoombwa katika muda wa miezi 6 uuzaji huwa batili. Kwa fleti, iulizwe kama ina hati yake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, ama ni ahadi ya mjenzi tu.

La tatu ni la miguu na macho. Wakala wa mnunuzi hufuatana na mpima ardhi kuyatafuta mawe ya mipaka, kwa kuwa ramani yaweza kusema jambo na ua likasema jingine. Huenda kuitazama nyumba siku ya mvua. Huonja maji ya kisima, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na huwauliza majirani ni siku ngapi katika juma maji ya mfereji hutoka. Ikiwa nyumba imo katika Mji wa Kale wa Mombasa, humweleza mnunuzi mapema kwamba hilo ni eneo la hifadhi, na kwamba hawezi kubomoa wala kugeuza sura ya nyumba apendavyo.

La nne ni hesabu. Muuzaji hutaja bei tu. Mtu wa mnunuzi hutaja bei na yote yafuatayo: ushuru wa stempu, ambao katika miji ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 400,000 kwa nyumba ya milioni 10, gharama za wakili, madeni ya kodi ya kaunti yaliyoachwa na mwenye nyumba, na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Ni afadhali mtu ajue mapema kwamba mfuko wake watosha nyumba ya milioni nane, kuliko kununua ya kumi kisha akashindwa kuihamisha hati.

ALIPWE NANI, NA VIPI?

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Wakala wa mnunuzi na alipwe na mnunuzi, na mkataba useme kwamba hapokei bahashishi, fungu wala asante kutoka kwa muuzaji au dalali wake. Akipokea kwa siri, amevunja kanuni ya msingi ya uwakala, na mnunuzi ana haki ya kumdai.

Tena, tunaona kwamba ujira wake usiwe asilimia ya bei. Asilimia humvuta yule yule mtetezi wa mnunuzi apende nyumba ya ghali. Ni bora wapatane kiasi maalumu, na sehemu yake ilipwe kwa kazi ya uchunguzi, hata kama mwisho wa uchunguzi huo ni neno "usinunue". Mtu alipwaye siku ya ununuzi pekee hawezi kwa urahisi kumwambia mteja wake aiache nyumba. Anayelipwa kwa kuchunguza aweza kuizuia nyumba mbaya mara tatu, na kila mara akawa ameuhalalisha ujira wake.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi amekwisha kubanwa, na haifai kumwongezea mtu mwingine wa kulipwa. Twajibu kwamba ujira wa dalali wa muuzaji nao hutoka katika fedha za mnunuzi, ila umefichwa ndani ya bei. Tofauti ni kwamba huo anaulipa bila ya kutumikiwa. Wengine watasema kwamba wakili yatosha. Wakili ni wa lazima, na mnunuzi awe na wake, wala asikubali kugawana mmoja na muuzaji ili kupunguza gharama. Lakini wakili huletewa jambo likiwa limekwisha kupatanwa. Yeye hupekua karatasi mezani, hashuki kisimani kuonja maji wala hakai barazani na majirani. Wakili na wakala ni maneno ya asili moja katika Kiarabu, na kazi zao zinasaidiana; moja haiondoi nyingine.

Iko hofu ya tatu, nayo ni ya kweli: kwamba watazuka matapeli wa kujiita mawakala wa wanunuzi, na huku wanakula na muuzaji usiku. Dawa yake ni maandishi. Mkataba utaje majina, kazi zitakazofanywa, ujira na muda wake. Wakala awe amesajiliwa. Na fedha za ununuzi zisipitie mikononi mwake kamwe. Arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ipitie kwa mawakili na itolewe risiti. Wakala aliye safi hatachukizwa na masharti hayo, kwa kuwa yanamkinga yeye pia.

Kwa upande wa wakuu, tungependa kuiona bodi ya mawakala ikimtaka kila wakala amwambie mnunuzi kwa maandishi, katika siku ya kwanza ya kukutana, ni nani aliyemwajiri na nani atakayemlipa. Sharti hilo halihitaji fedha za serikali wala jengo jipya. Linahitaji karatasi moja na sahihi mbili. Vyama vya akiba na mikopo navyo, ambavyo huwakopesha wanachama mamilioni ya kununulia viwanja, vyaweza kuajiri kwa pamoja wakala mmoja wa kuwachunguzia wanachama wao. Gharama ikigawanywa kwa watu mia haitamlemea yeyote.

Na mpaka sharti hilo litakapopatikana, kila anayekusudia kununua nyumba anaweza kujilinda kwa kuuliza kabla ya kutoa hata nauli ya kwenda kukitazama kiwanja: "Wewe, bwana, unalipwa na nani?" Akijibiwa kwamba ni muuzaji, hana haja ya kugombana, na amsikilize kwa adabu, autunze ulimi wake juu ya fedha alizo nazo, kisha akamtafute mtu wake.